Toleo jipya limetoka, mbona kifurushi bado ni cha zamani?

Mwishoni mwa Machi 2024, watu wanaotumia matawi ya majaribio ya Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, waliletewa sasisho la xz, programu ya kubana mafaili, lenye namba ya ajabu: 5.6.1+really5.4.5-1. Ukiitazama harakaharaka utadhani aliyeiandika alisinzia juu ya kibodi. Kumbe kila herufi imewekwa kwa makusudi. Sehemu ya mbele inaiambia kompyuta kwamba hili limezidi 5.6.1, lipokee. Lile neno la Kiingereza la katikati, maana yake "kwa kweli", linamwambia binadamu asidanganyike: kilichomo ndani ni 5.4.5. Tarakimu ya mwisho huhesabu mara ambazo toleo hilo limefungwa kuwa kifurushi. Ujanja wote huo ulihitajika kwa sababu programu inayosimamia vifurushi kwenye kompyuta hairudi nyuma kwa hiari yake. Inajua jambo moja tu: namba kubwa ndiyo mpya, na mpya ndiyo ya kuwekwa. Juma hilo mpya ilikuwa sumu, ikabidi ya zamani ivalishwe nguo za mpya ili ifunguliwe mlango.

Sumu hiyo nitairudia. Kwanza kuna swali ambalo mtu akishajua natumia Linux lazima aniulize: "Mbona hawa jamaa wako nyuma? Programu imetoka mwezi uliopita, kwenye kifurushi bado naona ya mwaka juzi. Wamelala?"

Hawajalala. Ila ili uelewe wanachofanya, lazima ujue kwamba programu huria nyingi hazitoki kwa mwandishi zikaingia moja kwa moja kwenye kompyuta yako. Katikati yupo mtunza kifurushi. Huyu huchukua msimbo wa mwandishi, akaujenga ukae vizuri na maelfu ya programu nyingine, akaziba palipo na nyufa, kisha akaupeleka ghalani, na ghalani ndiko kompyuta yako inakochota. Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock Agosti 1993, ni mfano mzuri kwa sababu karibu kila kitu chake kinafanyika hadharani. Toleo lake la 13, lililotoka Agosti 9, 2025, lina vifurushi zaidi ya 69,000. Wanachama kamili wa mradi ni kama elfu moja. Gawanya mwenyewe. Wengi wao mchana wana ajira nyingine. Kifurushi kinafunguliwa usiku, watoto wakishalala. Na katiba ya mradi imetamka wazi kwamba hakuna kifungu chake kinachomlazimisha mtu yeyote kufanya kazi. Nalitaja hilo mapema kwa sababu malalamiko mengi huandikwa kana kwamba kuna mtu anakula mshahara wa bure.

Dawa na mageuzi

Neno "kusasisha" limebeba mizigo miwili ambayo watu huichanganya. Mmoja ni dawa: kuna kasoro, tunaiziba. Wa pili ni mageuzi: vitufe vimehamishwa, faili la mipangilio linaandikwa namna nyingine, kitu ulichokizoea kimeondolewa. Mwandishi wa programu kwa kawaida hukuletea vyote viwili katika chupa moja. Sehemu kubwa ya kazi ya mtunza kifurushi ni kuvitenganisha.

Chukua Heartbleed. Aprili 7, 2014 ilitangazwa kwamba OpenSSL, maktaba ya msimbo inayolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya siri kwenye intaneti, ina tundu. Mtu aliye mbali aliweza kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva, na nywila na funguo zikiwemo, bila kuacha alama. Kasoro ilikuwa katika matoleo ya 1.0.1 hadi 1.0.1f, na 1.0.1g ikaja na dawa. Wakati huo toleo tulivu la Debian, yaani lile lililokwisha kujaribiwa na kutolewa kwa watu wote, lilikuwa la 7, nalo lilikuwa na 1.0.1e. Ungetegemea waruke kwenda g. Hawakuruka. Walichukua ile mistari michache inayoziba tundu, wakaishonea kwenye e, wakatoa kifurushi kinachoitwa 1.0.1e-2+deb7u5. Jina likabaki e, ugonjwa umekwisha. Waliokuwa bado kwenye Debian 6 ndio walioshangaa zaidi: OpenSSL yao ilikuwa ya 0.9.8, ya zamani kiasi kwamba ile sehemu yenye tundu ilikuwa haijaandikwa. Uzee wao uliwaokoa.

Mtindo huu huwachanganya hata wataalamu. Niliwahi kuhudumia seva za ofisi moja, akaja mkaguzi wa usalama na chombo chake kinachosoma namba za matoleo. Akatoa ripoti yenye mistari mingi ya rangi nyekundu: hii imepitwa na wakati, ile ina hatari. Nikamfungulia faili la kumbukumbu za mabadiliko la kila kifurushi, linakaa kwenye kompyuta yenyewe, nikamwonyesha kasoro moja baada ya nyingine pamoja na tarehe ilipozibwa. Alisoma kwa makini, akakubali kwa mdomo, na ripoti ikaenda kwa wakubwa ikiwa nyekundu vilevile, kwa kuwa fomu yake haikuwa na kisanduku cha "imezibwa bila kubadili namba".

Kwa nini wajitese kushona viraka badala ya kuchukua toleo zima? Kwa sababu anayetumia tawi tulivu amepewa ahadi isiyo ya maandishi: ukilala leo mashine inafanya kazi, utaamka kesho inafanya kazi vilevile, kasoro zikiwa zimepungua. Hospitali, kituo cha redio, chumba cha kompyuta cha sekondari chenye mwalimu mmoja anayejua kidogo, wote wamejenga mambo yao juu ya ahadi hiyo. Mageuzi wanayapokea mara moja kwa miaka miwili hivi, kwa pamoja, wakiwa wamejiandaa.

Lakini kuna vitu ambavyo kiraka hakivifai. Kivinjari ni kimojawapo. Firefox ni kubwa mno na kasoro zake za usalama ni nyingi mno kwa mtu wa kujitolea kuchambua kipi ni dawa na kipi ni mageuzi, kwa hiyo Debian ilishakubali yaishe: toleo la Firefox lenye msaada wa muda mrefu huingizwa lilivyo hata kwenye tawi tulivu. Kitu kingine ni data za saa za dunia. Serikali ikiamua kubadili saa, hakuna cha kusubiri miaka miwili. Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja Februari 1, 2021, ikaachana na saa tunayoitumia Nairobi na Dar es Salaam. Data mpya za saa zilitoka siku chache tu kabla ya hapo. Kifurushi chake hakina mageuzi ya kuogopa, na kukichelewesha kungemaanisha kompyuta za Juba kuwa mbele kwa saa nzima. Hapo mtunza kifurushi hana cha kujadili, anakimbia.

Kitasa na wapangaji

Watu wengi hudhani ugumu uko kwenye ukubwa wa programu. Sivyo. Mchezo wa kompyuta wenye ukubwa wa gigabaiti mbili unaweza kusasishwa jioni moja, maana hakuna anayeuegemea. Maktaba ndogo ya kusoma picha, ambayo mtumiaji hajawahi kuisikia, inaweza kuchukua miezi.

Ichukulie maktaba kama kitasa cha geti kuu la nyumba ya wapangaji. Mwenye nyumba akinunua kitasa kipya kizuri zaidi, ufunguo wa kila mpangaji unakufa siku hiyohiyo. Inabidi kila mmoja achongewe mpya, na yule aliyesafiri atakuta geti limefungwa. Mwandishi wa maktaba anapobadili namna programu nyingine zinavyoiita, kila kifurushi kinachoitegemea lazima kijengwe upya, na vile ambavyo msimbo wake haujaendana na mabadiliko vinakataa kujengwa. Hapo mtunza wa maktaba anaanza kubisha hodi kwa wenzake: kifurushi chako kimevunjika, hiki hapa kiraka, tafadhali kipitie. Mwenzake naye ni wa kujitolea. Yuko kwenye mtihani, au ana mgonjwa, au aliacha kupokea barua tangu mwaka juzi na hakumwambia mtu.

Mwaka 2024 Debian ilipitia mhamo wa aina hii uliogusa mamia ya maktaba kwa mpigo. Kompyuta za biti 32 huhesabu wakati kwa namba ambayo itajaa Januari 19, 2038, na baada ya hapo saa yake itaruka kurudi 1901. Kurekebisha kulimaanisha kubadili vitasa karibu vyote vya nyumba kwa wakati mmoja, na kwa wiki kadhaa matawi ya majaribio yalikuwa na vifurushi visivyoshikika. Anayetumia kompyuta ya kisasa angeweza kuuliza: yote hayo kwa ajili ya mashine za biti 32? Ndiyo, kwa ajili ya vifaa vidogo vyenye chipu za ARM ambavyo vitakuwa ukutani au kwenye mashine fulani bado vinafanya kazi 2038. (Kompyuta za mezani za biti 32, zile ambazo kwetu bado zinauzwa mtumba, hazikubahatika hivyo: Debian 13 haina tena kisakinishi chake.)

Ndiyo maana mhamo wa maktaba kubwa hauanzi mpaka timu ya matoleo iupangie nafasi, ili mihamo miwili isigongane mlangoni. Na unapokaribia wakati wa kutoa toleo tulivu jipya, milango hufungwa kwa awamu. Kwa Debian 13, mihamo ya maktaba ilisimamishwa Machi 15, 2025, na kufikia Mei 15 kilichokuwa kinapita ni marekebisho ya kasoro kwa kiasi kikubwa. Mwandishi aliyetoa toleo lake zuri kabisa mwezi Juni alikuta geti limefungwa, na watumiaji wake wa Debian tulivu watalisubiri mpaka 2027 au hapo karibu. Inauma, sikatai. Ila mradi huu umeonja pia kinachotokea geti likiachwa wazi: toleo la 3.1 lilitoka Juni 2005, karibu miaka mitatu baada ya lililotangulia.

Siku tano za kukaa

Kifurushi kipya kikipakiwa hakiendi kwa watu wote. Kinaanzia tawi lisilotulia, ambalo huitwa sid. Kama hakuna anayekuja na kasoro nzito, kinahamia tawi la majaribio baada ya siku 10, 5 au 2, kutegemea uharaka aliouandika aliyekipakia. Siku tano ndizo za kawaida, na vipimo vya kompyuta vikifaulu zinaweza kupungua. Ukiniuliza siku hizo ni za kufanya nini, jibu ni kwamba hazina kazi rasmi. Hakuna kamati inayokaa. Ni muda tu wa kusubiri ili miongoni mwa wanaopenda vitu vibichi atokee mmoja akaungua na kupiga kelele.

Mwaka 2024 aliyeungua alikuwa Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliyekuwa akipima kasi ya mabadiliko yake kwenye sid. Aliona kuingia kwenye mashine kwa SSH, programu ya kuingilia kompyuta iliyo mbali, kunakula kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Wengi wetu tungesema mtandao unasumbua. Yeye akachimba, na Machi 29, siku ya Ijumaa Kuu, akatangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz yana mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kumwingiza mwizi, uliofichwa ndani ya mafaili ya majaribio. Debian 12 tulivu ilikuwa na 5.4.1, haikuguswa. Ubuntu, ambayo huchota vifurushi vyake kutoka Debian, ilisogeza mbele kwa wiki nzima toleo la majaribio la 24.04 ili kujenga upya vifurushi vyake.

Wenye hoja ya "usiguse kinachofanya kazi" walishangilia. Ila habari ile haiwapi ushindi kirahisi hivyo. SSH yenyewe haitumii xz. Ilifungamanishwa nayo kwa njia ya mzunguko kupitia kiraka ambacho watunza vifurushi wa Debian na wa mifumo mingine walikuwa wameongeza wenyewe, ili SSH izungumze vizuri na programu inayowasha huduma za mfumo. Mlango wa nyuma uliingilia kwenye mshono wa fundi.

Na haikuwa mara ya kwanza kwa mshono kuleta balaa. Mwaka 2006, chombo kiitwacho Valgrind kilikuwa kinalalamikia namna OpenSSL inavyotumia kumbukumbu. Kwenye kifurushi cha Debian mstari uliolalamikiwa ukaondolewa. Kumbe ndio uliokuwa ukichanganya bahati nasibu ya kutengeneza funguo. Kwa karibu miaka miwili, mpaka Luciano Bello alipoligundua na kutangazwa Mei 13, 2008, funguo zilizotengenezwa kwenye Debian na jamaa zake zilikuwa na uwezekano 32,768 tu kwa kila aina na ukubwa, idadi ambayo kompyuta ya kawaida inaimaliza bila kutoka jasho. Chombo hichohicho, Valgrind, ndicho kilicholalamika juu ya xz wiki chache kabla ya Freund kuona ile nusu sekunde, na 5.6.1 ilitolewa kwa sehemu ili kukinyamazisha. Mwaka 2006 onyo halikuwa na maana ya hatari na kulitii kukaleta hatari; 2024 onyo lilikuwa la kweli na likapewa maelezo matamu. Sijui kanuni gani ingewasaidia wote wawili, zaidi ya kumuuliza mwandishi wa msimbo, na 2024 mwandishi ndiye aliyekuwa mwizi.

Kuna jambo moja la xz ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Aliyekuwa akiitunza kwa miaka mingi, bila malipo, alikuwa mtu mmoja. Mwaka 2022 zikaanza kumjia barua kutoka kwa majina yasiyojulikana: unachelewa, watu wanasubiri, mpe nafasi mwingine. Nafasi akapewa aliyekuja kuweka mlango wa nyuma. Kisha Machi 2024, jina jingine lisilo na historia likajitokeza kuiomba Debian iingize 5.6.1. Yaani silaha iliyotumika haikuwa ya kiufundi sana. Ilikuwa ile ile sauti ya "mbona mko nyuma?", ikielekezwa kwa mtu aliyechoka.

Sisemi kila anayeuliza ni jasusi. Waandishi wenyewe wana kilio cha haki. Jamie Zawinski, mwandishi wa XScreenSaver, programu ya kufunika na kufunga skrini, alichoka kupokea malalamiko ya kasoro alizokwishazirekebisha zamani, kwa sababu watumiaji wa Debian tulivu walikuwa na toleo la miaka iliyopita. Akaweka ndani ya programu onyo la kumwambia mtumiaji kwamba toleo lake limezeeka, na 2016 likaanza kujitokeza kwenye skrini za watu. Debian iliona ni ukorofi, yeye aliona ni haki yake kutosumbuliwa kwa makosa ya mwaka juzi. Mimi naona wote wawili walikuwa wakigombania kitu kimoja, jioni zao.

Kwa hiyo mtunza kifurushi anapopata taarifa kwamba toleo jipya limetoka (kuna kiroboti kinachochungulia kurasa za waandishi na kumwarifu), swali lake la kwanza huwa si kama toleo hilo ni zuri. Huangalia nani anaegemea kifurushi chake. Husoma tofauti kati ya msimbo wa zamani na mpya, angalau anapoweza. Huangalia leseni isije ikawa imebadilishwa kimyakimya. Na mwisho hujiuliza jambo ambalo haliandikwi kwenye mwongozo wowote: wiki hii nitakuwepo? Kupakia Jumapili usiku halafu Jumatatu ukapanda basi la kwenda msibani ni kuwaachia wengine moto. Mwenye busara hukiweka kwanza kwenye tawi la mradi liitwalo experimental, mahali ambapo hakimfikii mtu mpaka akifuate mwenyewe, akakiacha hapo mpaka apate wiki yenye nafasi.

Ukitaka kumharakisha, usimwambie namba. Namba anaijua. Mwambie kinachokukwama: faili hili halifunguki, kasoro fulani imezibwa kwenye toleo lile, nimejenga mwenyewe na kujaribu kwenye mashine mbili, haya ndiyo matokeo. Nimeona maombi ya "lini?" yakikaa mwaka mzima, na ombi lenye kiraka kilichojaribiwa likijibiwa siku hiyohiyo.

Ile namba ya ajabu nayo haikudumu. Watunza vifurushi wangeweza kuongeza tarakimu ya mbele inayotenganishwa na nukta mbili, ambayo huishinda namba yoyote, lakini hiyo ukishaiweka haitoki milele. Wakachagua ujanja unaojifuta. Mtunza wa awali wa xz alirudi kazini, akausafisha msimbo, na mwishoni mwa Mei 2024 akatoa 5.6.2. Kompyuta ikalinganisha, ikaona 5.6.2 inaizidi 5.6.1 na mkia wake wote, ikaiweka bila kuuliza.